Kilembe: Mji wa shaba uliobanwa na milima

Wengi wetu tukisikia neno "kutalii" akili inakimbilia Zanzibar au Ngorongoro. Mwenye hela ndefu anasema Dubai. Hakuna ubaya, kila mtu na starehe yake. Lakini leo, mpenzi msomaji, naomba nikupeleke mahali ambapo hata washikaji zangu wanaojidai wameimaliza Uganda nzima hawajakanyaga.

Panaitwa Kilembe. Ni mji wa machimbo ya shaba, uko ndani ya bonde jembamba la milima ya Rwenzori, magharibi kabisa mwa Uganda. Mbele yake kuna Kasese, nyuma yake kuna mlima, na nyuma ya mlima kuna Kongo. Zaidi ya hapo barabara hakuna.

SAFARI YENYEWE

Ukitokea Bongo, njia nyepesi ni kupitia Bukoba. Unavuka mpaka pale Mutukula, unafika Masaka, unakata kushoto kuelekea Mbarara, halafu unashusha bonde la Ufa. Hapo ndipo utamu unapoanza. Barabara inapita katikati ya mbuga ya Queen Elizabeth, unavuka daraja la Kazinga, na mbele kidogo, pale Kikorongo, unavuka mstari wa Ikweta wenyewe. Abiria wenyeji wala hawageuki kuangalia. Mimi nilibandika uso kioo kizima kama mtoto.

Kasese ni mji wa joto na vumbi. Nilikula rolex mbili za nguvu. Usinielewe vibaya, sizungumzii saa ya mkononi! Kule rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai, na ukishaizoea chipsi mayai unaiona ya kawaida tu. Baada ya hapo nikapanda bodaboda. Kutoka Kasese hadi Kilembe ni kilomita kama 10 tu, lakini ni kama umehama nchi. Joto linakatika, milima inakusogelea pande zote mbili, na mto Nyamwamba unaunguruma pembeni kama lori lililobeba mzigo.

MJI ULIOJENGWA NA MGODI

Kitu cha kwanza kinachokushangaza ni nyumba. Zimepangwa safu kwa safu ubavuni mwa mlima, zote zinafanana kama askari kwenye gwaride. Hazikujengwa na mwenye nyumba mmoja mmoja, zilijengwa na mgodi kwa ajili ya wafanyakazi wake. Katikati yake kuna mitambo mikubwa imesimama na kutu, mabati yametoboka, na kamba za nguo za akina mama zimefungwa humo humo. Maisha yanaendelea kwa kwenda mbele.

Kwa taarifa yako, Kilembe haukuwa mji wa kubahatisha. Kampuni ya Kilembe Mines iliundwa mwaka 1950, mtaji na utaalamu vikitoka Kanada. Kwa ajili ya shaba hii, reli ilivutwa kutoka Kampala hadi Kasese, ikafika mwaka 1956, na mwaka huo huo uzalishaji ukaanza. Mgodi ulikuwa na kituo chake cha umeme kwenye mto Mubuku, chenye megawati 5. Shaba ilisafirishwa kwa treni mpaka Jinja, ikayeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, halafu ikashuka hadi bandari ya Mombasa na kwenda zake ng'ambo.

Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa ya tatu kwa kuiingizia Uganda fedha za kigeni, nyuma ya kahawa na pamba. Yaani bonde hili unaloweza kulitembea kwa mguu lilikuwa likilisha nchi. Si mchezo.

Halafu mambo yakageuka. Idi Amin alichukua nchi mwaka 1971, mwaka uliofuata akawafukuza Waasia, na uchumi ukaanza kwenda mrama. Wakanada wakaondoka. Vipuri vikawa shida, bei ya shaba duniani nayo ikaporomoka. Mwaka 1982 uchimbaji mkubwa ukasimama. Treni ya Kasese nayo ikaja kufa katika miaka ya 1990.

NDANI YA SHIMO

Kuna wenyeji wanaotembeza wageni, na niliomba nipelekwe kwenye moja ya mahandaki. Unavishwa kofia ngumu, unapewa taa na mabuti ya mpira, maana chini ni maji. Hatua ishirini za kwanza unacheka na kupiga stori. Ukigeuka ukaona mlango umekuwa mdogo kama sarafu, unanyamaza mwenyewe.

Humo ndani ni baridi. Maji yanadondoka tone kwa tone, na ukutani yameacha michirizi ya kijani na bluu. Hiyo ndiyo shaba, ikikutana na maji na hewa inabadilika rangi. Ni nzuri ajabu, utadhani kuna mtu kapaka rangi kwa brashi. Reli nyembamba za vigari bado ziko chini ya matope. Nilijaribu kufikiria watu walioingia humu kila alfajiri, zamu baada ya zamu. Sikuweza kufikiria sana. Nilitaka jua.

KISWAHILI CHA MGODINI

Nje nilikutana na mzee mmoja ameketi kibarazani. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

Akanitazama kwa mshangao. "Marahaba kijana. Wewe umetoka Tanzania."

"Umejuaje?"

"Hapa nani mwingine ataniamkia hivyo?"

Basi tukapiga soga hadi jua likaenda upande wa pili. Aliniambia kwamba humo shimoni watu walitoka kila upande: Wakonjo wa hapa hapa, wengine kutoka Kigezi, wengine Rwanda, wengine Kongo na Kenya. Kila mtu na lugha yake, lakini ukimwambia mwenzako jiwe linaanguka ni lazima akuelewe mara moja. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Uganda wengi wanakijua kama lugha ya askari, lakini kwa mzee huyu ni lugha iliyomrudisha nyumbani mzima kila jioni.

Nilimuuliza ana hasira na mgodi? Akatikisa kichwa. Alisema mgodi ulimpa nyumba, hospitali, na shule kwa watoto wake. Kinachomuuma ni kwamba siku uliposimama, hakukuwa na kitu kingine cha kushika.

MTO HAUJASAHAU

Kilembe ina jambo moja ambalo picha za watalii hazikuambii. Mabaki ya mawe yaliyosagwa yalirundikwa bondeni kwa miaka mingi, na watafiti wamepima udongo na maji ya eneo hili wakakuta shaba na kobalti kwa wingi usiotakiwa. Akina mama wanalima hapo hapo, maana bonde ni jembamba na ardhi nyingine haipo.

Na mto wenyewe ukikasirika, usipime. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ilishuka na magogo na mawe makubwa kama nyumba, ikabomoa madaraja na makazi. Mei 2020 ikarudi, safari hii ikaiharibu vibaya hospitali ya Kilembe, ile ile iliyojengwa enzi za mgodi. Mawe hayo bado unayaona yametapakaa. Watoto wanayapanda na kuteleza, wakubwa wanayaponda kokoto za kuuza.

Ajabu ni kwamba hata takataka za mgodi zilikuja kuwa mali. Kule Kasese kulikuwa na rundo la mabaki yenye kobalti, na kuanzia mwaka 1999 kiwanda kimoja kiliitoa kobalti hiyo kwa kutumia bakteria wanaokula madini ya salfa. Wadudu wasioonekana kwa macho wakafanya kazi ya wachimbaji! Rundo likaisha, kiwanda nacho kikafunga mwaka 2013. Mwaka huo huo mgodi wa Kilembe ulikabidhiwa kwa Wachina kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2017 serikali ikauvunja.

HUKO JUU SASA

Wageni wengi wanaofika siku hizi hawaji kwa shaba, wanakuja kwa mlima. Kijiji cha Kyanjuki, juu kidogo ya mgodi, ndiyo mwanzo wa njia inayopanda mpaka kilele cha Margherita, mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya. Wakonjo wanaamini huko juu anakaa Kitasamba, mungu wa milima. Theluji yao wanaiita nzururu, na ipo kweli, karibu kabisa na Ikweta, ingawa imebaki sehemu ndogo tu ya ile waliyoikuta wapandaji wa kwanza mwaka 1906.

Mimi nilipanda siku moja tu nikarudi. Migomba ikaisha, ukaja msitu, kisha ukungu, na ukimya ambao mtu wa Kariakoo hajui kama upo duniani. Ni babu kubwa!

TUJIULIZE

Nimeitafakari sana Kilembe, kwa sababu si hadithi ya Waganda peke yao. Kwetu, reli ya Mpanda ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini mji ulipata mambo mengine ya kufanya na ukakua. Juzi juzi, mwaka 2021, Buzwagi kule Kahama nayo ilifunga mashine. Vijana wenzangu wanaokimbilia Geita na Mererani, ulizeni swali moja mapema: mawe yakiisha, sisi tutabaki na nini?

Ukitaka kwenda, chukua pasipoti au hati ya kusafiria, na kadi ya homa ya manjano, maana mpakani wataiulizia. Viza Mtanzania hahitaji. Beba sweta na koti la mvua, huko mvua haina ratiba. Usiingie kwenye shimo lolote bila mwenyeji. Na ukimkuta mzee kibarazani, mwamkie kwanza. Stori zilizobaki anazo yeye.