Kimea cha Ngano Katika Nyumba ya Kaloleni

Mtu wa Mombasa akifika Nairobi na kuambiwa kuwa nyumba anayokwenda iko Kaloleni, hucheka kidogo, maana Kaloleni aijuayo yeye ameiacha nyuma. Kaloleni hii ya Nairobi ni mtaa wa miaka ya 1940, karibu na Barabara ya Jogoo, na dada yangu ameolewa humo miaka mingi. Mwezi uliopita alinipigia simu akaniambia nije. Hakusema kuna nini. Alisema tu kwamba kutakuwa na pilau.

Nilifika Ijumaa asubuhi, na kabla sijavua viatu nikatumwa Soko la Burma kununua nyama ya mbuzi. Soko hilo jina lake lakumbusha vita vya Burma, ambako askari wetu wa KAR walipigana mwaka 1944 katika mabonde yenye mvua na malaria, na leo watu wa Eastlands wanalijua zaidi kwa nyama. Mapaja yananing'inia, mapanga yanagonga magogo, moshi wa nyama ya kuchoma unakufuata mpaka barabarani. Nilimwuliza muuzaji nani amechinja, akanijibu kwa heshima, nikalipa.

Niliporudi nikakuta jikoni hapana nafasi. Sufuria kubwa ilikuwa motoni, kitambaa cha kuchujia tui kimetandazwa juu ya beseni, na mpwa wangu ameinama na kipimajoto mkononi kama tabibu. Nyumba nzima ilinuka mkate. Mamake alikuwa amekaa barazani akichambua mchele, kampa mgongo. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sikuitwa kwa ajili ya pilau.

Kijana huyu amesomea elimu ya vyakula chuoni. Amemaliza, amepewa cheti, na tangu hapo kazi yake imekuwa kuandika barua. Sasa barua moja ilikuwa imejibiwa. Kiwanda kidogo cha bia, katika hivi vinavyopika bia kidogo kidogo kwa wateja wanaojua wanachotaka, kilimtaka akasimamie upishi wa bia ya ngano. Mshahara ni mzuri. Mamake alikuwa hajasema naye kwa siku mbili.

"Mjomba," akaniambia, "mimi sitakunywa. Nataka mwone ninachokwenda kupika, kisha mseme."

Basi tukaona. Ngano alikuwa ameiroweka juma lililotangulia, akaiacha ikachipua, akaianika na kuitwanga. Hicho ndicho kimea, na hapana mwanamke wa Kiafrika asiyekijua, kwani cha wimbi ndicho kinachotengeneza togwa, na ndicho kinachotengeneza busaa. Alikuwa amekitia katika maji ya joto la digrii kama 65, si zaidi, kwa muda wa saa moja. Katika joto hilo, alitueleza, vimeng'enya vilivyozaliwa mbegu ilipochipua huugeuza wanga kuwa sukari. Ukizidisha moto vinakufa. Alikuwa amechanganya na shayiri, kwa sababu ngano haina maganda, na ikiwa peke yake huganda kama uji na kuziba chujio.

Alinichujia kikombe. Rangi yake ilikuwa kama chai ya rangi iliyochafuliwa na tone la maziwa. Nilipiga bismillahi nikanywa. Ilikuwa tamu, tamu kuliko nilivyodhani, na nyuma ya utamu ule kulikuwa na ladha ya mkate wa mofa unapotoka tanurini. Sukari haikutiwa hata chembe. Dada yangu alipelekewa kijiko barazani, akaonja, akarudisha kijiko bila neno. Kufikia hapo hapakuwa na shaka yoyote: ni nafaka na maji, ni halali kama uji.

"Na baada ya hapa?" nikamwuliza.

Baada ya hapo huchemshwa pamoja na maua machungu ya hopsi, hupozwa, kisha hutiwa hamira na kuachwa siku kadhaa. Hamira inakula sukari na kutoa kileo na hewa. Lakini hamira ya bia hii ina tabia yake. Wapishi wa Bavaria, kusini ya Ujerumani, wameitunza kwa karne nyingi, na bia inayotokana nayo hunukia ndizi mbivu na karafuu, ilhali hapana aliyetia ndizi wala karafuu. Watawala wa huko waliijua thamani yake. Sheria yao ya mwaka 1516 iliamuru bia ipikwe kwa shayiri, ngano ibaki ya mkate. Kisha kuanzia mwaka 1602 wao wenyewe wakaishika haki ya kupika bia ya ngano, wakapata fedha nyingi.

"Karafuu?" Dada yangu aligeuka. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Nakiri kwamba na mimi lilinigusa. Mtu wa pwani akisikia karafuu pua yake huenda Pemba, kwenye majamvi yaliyoanikwa juani. Kwamba harufu ile yaweza kutoka ndani ya ngano kwa kazi ya kidudu kisichoonekana ni jambo la kumfanya mtu aseme Subhanallah, na papo hapo ni mlango wa shetani. Wala kidudu chenyewe si mgeni kwetu. Hamira ya mahamri yetu ni ukoo huo huo, ila unga huumuka kwa saa chache ukaingia katika mafuta ya moto, na bia huachwa siku nyingi hamira imalize kazi yake. Waarabu wamelijua hilo katika lugha yao: khamira, yaani hamira, na khamr, yaani ulevi, ni maneno ya mzizi mmoja, na mzizi huo una maana ya kufunika.

Shemeji alirudi kutoka sala ya Ijumaa, Msikiti wa Riyadha wa Pumwani, tukakaa kula. Ndipo mjadala ulipoanza.

Kijana alisema kwamba ulevi uliotajwa ni wa zabibu. Shemeji hakupandisha sauti. Alimkumbusha kwamba Sayyidna Umar aliposimama kwenye mimbari alivitaja vitu vitano vinavyofanywa ulevi, na ngano imo, na shayiri imo, kisha akaeleza kuwa ulevi ni kila kinachoifunika akili. Watu wa Yemeni nao walimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya vinywaji vyao vya asali na vya nafaka, wakajibiwa kwamba kila kilevi ni haramu. Na sisi Mashafii hatuna njia ya kusema nimeonja tu: kilicho kingi kikilevya, kichache chake hakifai.

"Lakini mimi sinywi, Baba. Napika."

Shemeji alimhesabia waliolaaniwa katika ulevi, ambao ni kumi. Mnywaji ni mmoja wao, na mkamuaji yumo, na mbebaji, na mwenye kula thamani yake. Kijana aliacha kula.

Nisimfanye shemeji mtu mgumu. Babu zake ni watu wa Pangani, kijiji cha Nairobi kilichojaa Waislamu, kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 watu wakahamishiwa Shauri Moyo na Pumwani. Katika miaka ya 1920 baraza la mji lilikuwa limejitwalia peke yake haki ya kuuza pombe ya Kiafrika, likaweka kilabu pale pale Pumwani, na faida ikawa inaingia katika mfuko wa shughuli za Waafrika. Mama aliyepika chungu kimoja nyumbani alishikwa na polisi. Serikali iliyopika mapipa ilijenga mji. "Tumekaa karibu na pombe miaka mia," alisema shemeji, "na haikutushinda."

"Haikuwashinda, Baba, lakini barua zangu zote mwaka huu ni hii moja iliyojibiwa."

Hapana aliyemjibu. Mimi nilisogeza kachumbari. Ni rahisi kwa mtu aliyekwisha maliza kusomesha wake kutoa fatwa na mdomo umejaa pilau.

Ni kachumbari ile iliyobadili mazungumzo. Dada yangu alikuwa ametia siki ya mnazi niliyomletea kutoka nyumbani, na kijana, kwa kutaka kukwepa, akauliza inakuwaje siki hii tunaila ilhali jana ilikuwa tembo. Shemeji alifurahi kuulizwa. Tembo likigeuka siki lenyewe, bila ya kutiwa kitu cha kuligeuza, limetoharika, na chombo chake pamoja nalo. Mtume mwenyewe aliisifu siki kuwa ni kitoweo chema. Kijana aliuliza inachukua siku ngapi, pipa huzibwa au huachwa wazi, hewa huingia vipi. Shemeji, ambaye hajapata kutengeneza siki maishani mwake, alishindwa.

Maji ya kimea yaliyosalia yalitiwa katika chupa na kusahauliwa dirishani. Tangu zamani katika nyumba ya Mtume nabidhi haikuachwa kupita siku ya tatu, na Jumapili asubuhi tulielewa kwa nini. Chupa ilikuwa imevimba. Ilipofunguliwa ilitoa mlio kama nyoka, na povu likamwagika juu ya meza. Kijana aliinusa kabla mamake hajamnyang'anya.

"Karafuu ipo?" nikamwuliza.

"Hapana. Uchachu tu."

Dada yangu aliimwaga katika mtaro, akaisuuza chupa mara nyingi kuliko ilivyohitaji, akaifuta meza kwa maji safi. Machicha ya ngano alimpa jirani mwenye kuku.

Jumatatu mpwa wangu alinibebea mfuko mpaka kituo cha basi. Tulipita mbele ya Soko la Burma, wachinjaji wakifungua vibanda. Alisema mchana atakwenda kuwarudishia watu wale barua yao, na mamake bado hajui. Kisha akaniuliza kama Mombasa kuna mtu anayetengeneza siki kwa mapipa, si kwa chupa, na kama angekubali kijana wa kujifunza. Nilimwambia nitauliza. Nimekwisha anza, Kisauni na Mtwapa.