Basi Likiharibika Njiani, Abiria Bado Ni Amana

Msafiri atokaye Unguja kwenda Sumbawanga, awe mtumishi wa Serikali aliyehamishwa kikazi au mfanyabiashara anayefuata mahindi na maharage ya Ufipa, huvuka bahari kwa saa chache tu. Baada ya hapo huikabidhi roho yake kwa basi kubwa kwa zaidi ya kilomita 1,000 za nchi kavu. Tangu misiba ya MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, hakuna Mzanzibari anayehitaji kuelezwa thamani ya boya la kuokolea. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuuliza kama basi wanalopanda lina pembetatu, kabari na jeki?

Swali hili si dogo. Uwanda wa Ufipa umeinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, ambayo zamani ilikuwa ya vumbi na matope, sasa ina lami. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku. Haya ni maendeleo ya kupongezwa, lakini yameongeza mwendo na yameongeza safari za gizani. Basi likiharibika usiku kati ya Laela na Sumbawanga, katika baridi ya Juni au mvua za Januari, hapana budi wahudumu wake wajue la kufanya.

Gari ni chuma, na chuma huharibika; hilo halina aibu. Kinachoua mara nyingi ni gari la pili, linalokuja kwa kasi na kulikuta la kwanza limesimama bila alama. Kwa hiyo kazi ya kwanza siyo kufungua injini. Basi lisogezwe kando kadiri liwezavyo, taa za tahadhari ziwashwe, magurudumu yatiwe kabari, na abiria washushwe na kupelekwa mbali na lami, wasikae nyuma ya basi wala mbele yake. Pembetatu ziwekwe mbali, hatua 100 au zaidi. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde; pembetatu iliyowekwa hatua 10 nyuma ya basi ni pambo tu. Ama matawi ya miti tuliyoyazoea, hayang'ai usiku, na mara nyingi huachwa barabarani yakamponza mwingine.

Ndipo ifuate kazi ya ufundi, nayo ina adabu yake. Katika kimo cha Ufipa maji huchemka yafikapo nyuzi 94 hivi, siyo 100 kama pwani. Mfuniko wa rejeta uliolegea, ambao huko chini haukuleta matata, huku juu huweza kuchemsha injini. Na mwenye pupa akiufungua ungali wa moto, maji humrukia usoni. Gurudumu likibadilishwa, nati zikazwe kwa kukingamana, na baada ya kilomita 50 hivi dereva asimame azikaze tena.

La hatari zaidi ni breki. Upepo ukivuja katika basi kubwa, springi hukaza breki zenyewe na gari husimama. Ndivyo lilivyoundwa ili kulinda watu. Wapo wanaozilegeza springi hizo kwa boliti, kisha wakapakia abiria na kuendelea na safari. Kulisogeza basi tupu kando ya njia kwa uangalifu ni jambo moja. Kubeba watu katika nchi yenye miteremko kama ule wa Lyamba lya Mfipa, unaoshukia bonde la Ziwa Rukwa, ni kuchezea roho zao. Na abiria wanaopiga kelele za "twende tu!" nao wanajichimbia kaburi.

Ufipa ni nchi ya wahunzi. Wazee wake waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, yaitwayo malungu, kabla gari halijafika huku. Vijana wao hawashindwi na spana. Wanachohitaji ni mafunzo na vifaa.

Basi viongozi wahusika wayatazame mambo matatu. Kwanza, ukaguzi wa mabasi usiishie kwenye taa na matairi, bali uhakikishe kwamba vifaa vya dharura vimo na kondakta anajua kuvitumia. Pili, madereva na mautingo wafundishwe kazi hii kwa vitendo. Tatu, liwepo gari la kuvuta mabasi mabovu katika njia hii ndefu, lenye kuitika usiku na mchana.

Nauli aliyolipa abiria haikununua kiti peke yake. Imenunua ulinzi hadi mwisho wa safari, na ulinzi huo haukatiki injini inapozimika. Amana hairudishwi nusu.