Moto wa Mwanzo Unapopoa: Je, ni Imani au ni Mwili?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, lishe ya watoto, shinikizo la damu na mengineyo ya mwili. Mwezi huu tunagusa jambo ambalo wengi hulipeleka kwa padre peke yake. Si vibaya kufanya hivyo, lakini mara nyingine sehemu ya jambo hilo ingepaswa kufika pia zahanati. Ni ile hali ya Mkristo aliyeanza kwa moto mkubwa, halafu moto ukapoa.

Tuchukue mfano wa mama aliyebatizwa katika mkesha wa Pasaka baada ya kumaliza ukatekumeni. Miezi ya kwanza hakosi Misa ya asubuhi, kwenye jumuiya ndogo ndogo ndiye wa kwanza kufika, rozari haimtoki mkononi. Akiimba, machozi humlengalenga. Mwaka wa pili anajifungua mtoto, na sasa akisali ni kama anazungumza na ukuta. Rozari anaiacha njiani. Anajiuliza kama ubatizo wake ulikuwa wa kweli au alijidanganya. Jirani mmoja anamwambia ana pepo. Mwingine anamwalika kuhamia dhehebu jingine ambako, anamhakikishia, moto haupoi. Mume wake anaona ni uvivu tu. Kati ya wote hao hakuna aliyemwuliza swali dogo kabisa: mama, usiku unalala saa ngapi?

Kupoa kwenyewe si ugonjwa

Binadamu ameumbwa kuzoea. Ukiingia katika nyumba inayokaangwa vitunguu, utasikia harufu tangu mlangoni. Ukikaa robo saa huisikii tena, ingawa vitunguu bado viko kikaangoni. Ubongo hushtuka kwa jambo jipya, na jambo hilo likirudiwa kila siku mshtuko hupungua. Wenye ndoa wanalijua hili vizuri. Hakuna anayesema ndoa imekufa kwa sababu moyo haumdundi kila mume anapobisha hodi.

Na tena, isingekuwa afya kubaki na msisimko ule siku zote. Mtu ambaye kwa siku nyingi mfululizo halali na wala hachoki, anazungumza bila kukoma, anagawa mali ya nyumba na kusema ametumwa kwa kazi kubwa, watu huweza kudhani amepata neema ya pekee. Mara nyingi hizo ni dalili za ugonjwa wa akili unaotibika, na ndugu zake wampeleke hospitali mapema.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inautaja ukavu wa moyo (namba 2731) kati ya magumu ya kawaida ya sala. Kwa hiyo mama yetu hajapatwa na jambo geni.

Kutoka saa nne hadi saa nane

Waliolichunguza jambo hili kwa makini kuliko wote ni wamonaki wa jangwa la Misri. Mmoja wao, Evagrio wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, alieleza jaribu aliloliita pepo wa adhuhuri. Alisema humshika mmonaki kuanzia saa nne hadi saa nane. Wazungu wanaposoma maneno hayo hulazimika kubadili saa, lakini sisi hatuna haja, kwa maana watu wa zamani wale walihesabu saa za mchana kama tunavyohesabu kwa Kiswahili, tangu kuchomoza kwa jua. Ni saa zile zile ambazo jua linapanda, njaa inauma, na mkulima anaanza kuliangalia jembe kwa chuki.

Evagrio anasema mtu huyo huona jua kama limesimama. Hutazama dirishani, hutoka nje kupima kama saa tisa, saa ya chakula, imekaribia. Huanza kukichukia chumba chake na kazi yake. Huona kwamba upendo umetoweka kati ya ndugu na hakuna wa kumfariji. Hukumbuka watu wa kwao. Huwaza mahali pengine ambako mambo yangekuwa rahisi, akijiambia kwamba hata huko Mungu anaabudiwa. Soma tena orodha hiyo, ndugu msomaji, kisha uniambie kama humjui mtu wa namna hiyo katika jumuiya yenu, au nyumbani kwako mwenyewe!

Jaribu hilo baadaye liliingia katika vile vichwa vya dhambi saba tulivyokariri utotoni, nasi tukaliita uvivu. Kwa maoni yangu neno hilo limetupotosha kidogo. Tukisikia uvivu tunamfikiria asiyelima. Lakini mwenye jaribu hili anaweza kuwa mchapakazi hodari. Kilichomchosha ni lile jema lenyewe alilolichagua.

Dawa yao ilikuwa ya kawaida mno. Husimuliwa kwamba Mtakatifu Antoni, baba wa wamonaki, alipozidiwa na hali hiyo alimwona mtu aliyefanana naye ameketi anasuka kamba, kisha anainuka kusali, kisha anaketi tena kusuka, kisha anainuka tena kusali. Alikuwa malaika, akamwambia afanye vivyo hivyo. Wamonaki wale walisuka majani ya mtende, kama mama zetu wanavyosuka ukindu. Mwenye kusuka mkeka hangoji ajisikie. Anaongeza mstari wa leo.

Usibadili nadhiri usiku wa giza

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari. Mwaka 1521 alivunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona, akaongoka akiwa kitandani. Mwaka uliofuata alikaa Manresa akisali saa saba kwa siku na kufunga vikali. Huko aligundua jambo ambalo daktari yeyote angelifurahia. Faraja kubwa za kiroho zilikuwa zikimjia hasa wakati wa kwenda kulala, zikamwibia usingizi mchache aliokuwa nao. Alipozipima aliona shaka kama zimetoka kwa roho mwema, akaamua kulala.

Kutokana na mapito hayo alitoa kanuni ambayo ingefaa kubandikwa mlangoni: ukiwa katika ukiwa wa moyo, usibadili uamuzi uliouweka ulipokuwa na amani. Mama yetu asihame Kanisa wakati huu, wala asijiondoe katika jumuiya, wala asiweke nadhiri mpya nzito ili kuuwasha moto kwa nguvu. Kufunga kwake Inyasi kulimwachia maradhi ya tumbo, naye hakutaka wengine waumie hivyo. Mwaka 1548 alimwandikia Fransisko Borgia, aliyekuwa anajitesa kwa mifungo na sala ndefu, akamtaka apunguze muda wa sala zake kwa nusu na ale vizuri.

Mama anayenyonyesha akumbuke hilo kabla ya kujiandikisha kwa mkesha wa usiku kucha.

Chini ya mretemu

Habari ya nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, ingeweza kufundishwa hata katika vyuo vya uuguzi. Nabii aliyekuwa jasiri juu ya mlima Karmeli analala chini ya mti wa mretemu na kumwomba Mungu afe. Malaika anakuja. Hamkaripii, hamhubirii, hamwulizi imani yake imekwenda wapi. Anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, anamwamsha mara ya pili ale tena. Ndipo safari ya siku arobaini inaanza.

Basi utajuaje kama ni ukavu wa kawaida au ni ugonjwa? Angalia maisha yote, usiangalie sala tu. Mwenye ukavu wa sala bado anacheka arusini, anaifurahia pilau, anamchezea mtoto wake. Mgonjwa wa sonona kila kitu kimemkaukia. Hapati usingizi au analala kupita kiasi, chakula hakina ladha, anajiona mzigo kwa wenzake, hata mtoto wake hamfurahishi. Hali ya namna hiyo ikidumu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, aende kituo cha afya. Huwapata wengi baada ya kujifungua, wala si alama ya imani haba. Hata hivyo si kila uchovu ni sonona. Upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, matatizo ya tezi ya shingo na pombe huweza kumnyong'onyeza mtu hivyo hivyo, ndiyo maana apimwe kwanza.

Akisema anatamani kufa, au ana mawazo ya kujidhuru yeye au mtoto, asiachwe peke yake, naye apelekwe hospitali siku ile ile. Mwulizeni waziwazi, kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Padre aje ampe Mpako wa Wagonjwa, lakini asingojewe kabla ya kutafuta gari.

Dawa za sonona kwa kawaida huchukua majuma kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na wengi huziacha siku za mwanzo wakisema hazifanyi kazi. Wengine huziacha wakishapata nafuu, kama wagonjwa wa kifua kikuu wanaojisikia wazima mwezi wa pili na kusahau kwamba dozi ya kawaida ni miezi sita. Asiziache bila daktari kusema.

Nyumbani, mume achukue zamu ya kumbeba mtoto usiku. Wanajumuiya wapeleke uji, wafue nguo, wakachote maji, na rozari yao iwe fupi. Yeye mwenyewe abaki na sala ndogo ya saa maalumu, Baba Yetu moja ya asubuhi na moja ya usiku, na Misa ya Dominika kadiri anavyoweza. Akisinzia akisali asihuzunike. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1897 akiwa na miaka 24, alikiri kwamba alikuwa akisinzia saa za sala, naye alijituliza kwa kuwaza kwamba wazazi huwapenda watoto wao wakiwa macho na wakiwa wamelala.