Twende Kinukamori, Mama

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiwaambia akina mama wanaokuja kliniki na shinikizo la damu, "Mama, jitahidi kutembea." Wananiitikia vizuri, wanachukua dawa zao, kisha wanapanda bodaboda kurudi nyumbani. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitoa ushauri huo nikiwa nimekaa, na jioni nikifika nyumbani nilikaa tena.

Desemba iliyopita tulikwenda Marangu kwa mama mkwe, kama zifanyavyo familia nyingi zenye asili ya Kilimanjaro kila Krismasi. Siku ya tatu watoto walikuwa bado wamejifungia ndani, kila mmoja na simu yake. Binti yetu wa miaka kumi na mitatu ndiye aliyenitia wasiwasi. Miezi kadhaa alikuwa amekuwa mkimya. Nikimwuliza, "Una nini, mwanangu?" alinijibu, "Sina kitu, mama."

Bibi yao ndiye aliyekata shauri. Asubuhi alijifunga khanga, akashika fimbo yake, akasema, "Leo wote mtanisindikiza Kinukamori."

Mlima usiohitaji mpagazi

Wengi wetu tukisikia habari za kupanda Kilimanjaro tunafikiria kilele cha Uhuru, mita 5,895, pamoja na wapagazi, mahema na gharama kubwa. Tunasahau vijiji vya chini ya msitu. Marangu, Machame, Kibosho na Uru vimejaa njia ambazo watu huzipita kila siku kwenda shuleni, sokoni na kanisani. Ada za hifadhi ya taifa zinakuhusu ukiingia langoni. Njia za kijijini ni za kila mtu. Maporomoko ya Kinukamori yako mwendo mfupi kutoka Marangu Mtoni, na pale unalipa kiingilio tu.

Tulikwenda polepole, kwa mwendo wa bibi. Alikuwa akisimama kila mara, nasi tukadhani amechoka, kumbe alikuwa akifundisha. Aliwaonyesha watoto jinsi kihamba kinavyopangwa: migomba juu, kahawa kwenye kivuli chake, magimbi chini kabisa. Aliwaonyesha mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee kuteremsha maji ya mlimani hadi mashambani. Penye ua wa masale alichuma jani moja akasema, "Mchagga akikupelekea jani hili kuomba msamaha, ni vigumu sana kumkatalia." Kijana wangu wa miaka tisa alilichukua, akampa dada yake kwa kosa la juzi. Sote tulicheka.

Hadithi ya Makinuka

Pale kwenye maporomoko bibi alituketisha akatusimulia habari za Makinuka. Wenyeji husimulia kwamba alikuwa msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa, na zamani adhabu yake ilikuwa kifo. Akaenda kwenye maporomoko ili ajitupe. Alipofika ukingoni moyo ukamrudi, akakusudia kurudi nyumbani. Kugeuka, akakutana na chui. Kwa hofu alirudi nyuma, akaanguka majini.

Wakati wa kurudi, bibi na wajukuu wengine walitangulia. Binti yangu alibaki nyuma nami. Tulitembea kitambo bila neno, kisha akaniuliza, "Mama, kwani Makinuka hakuwa na mama yake?"

"Nadhani alikuwa naye."

"Sasa mbona hakumwambia?"

Sikuwa na jibu. Tukaendelea kutembea. Ndipo akasema, macho yake yakiwa njiani, "Mama, mimi nimeanza kupata siku zangu tangu Agosti."

Miezi minne! Mwanangu alikuwa akinunuliwa pedi na rafiki zake. Na mimi ndiye ninayejitolea kanisani kuwafundisha wasichana wa watu mambo hayo hayo. Nilipomwuliza kwa nini hakuniambia, alisema, "Ukifika nyumbani umechoka, mama. Nikasema nitakusumbua."

Sikumkaripia. Nilimshika mkono tukaenda hivyo hadi nyumbani, naye akauliza maswali yote aliyokuwa ameyaweka. Nimegundua kwamba mtoto wa umri ule husema kwa urahisi zaidi mnapotembea bega kwa bega kuliko unapomkalisha umkazie macho.

Kabla hamjatoka

Kama muuguzi, nawaomba mzingatie haya:

Mwendo. Mwendo mzuri kwa moyo ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 dakika 60 kila siku.

Urefu wa mlima. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kwenye mita 2,500 na kuendelea. Vijiji hivi viko chini ya hapo, hivyo usiogope kwenda na watoto.

Majira. Masika, Machi hadi Mei, njia huteleza sana. Vaeni raba zenye soli nzuri, na mbebe sweta hata kama jua linawaka.

Chakula na maji. Ndizi mbivu, karanga na mayai ya kuchemsha vinatosha. Bebeni maji yaliyochemshwa. Maji ya mfongo yanaonekana safi, lakini yanaweza kuleta homa ya matumbo na minyoo.

Afya. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta nyumbani. Mjamzito, au mwenye ugonjwa wa moyo, amwone daktari kwanza. Mtu akiteguka mguu, apumzike, umfunge kitambaa kilicholowa maji baridi, na mguu uinuliwe. Akishindwa kabisa kuukanyagia, mpelekeni hospitali.

Si lazima iwe Kilimanjaro. Wa Lushoto wana njia ya kwenda Irente, ambako unaona nyika yote chini yako. Ila pale ukingoni washikeni watoto mikono. Wa Morogoro wana miteremko ya Uluguru.

Sisi tumerudi Dar es Salaam, ambako hakuna mlima. Hata hivyo kila Jumamosi jioni mimi na binti yangu tunazunguka mtaa kwa muda wa saa nzima. Wiki iliyopita nilirudi kazini nimechoka sana, nikajilaza kwenye kochi. Alikuja na raba zangu mkononi, akaziweka miguuni pangu. "Mama," akasema, "nina jambo la kukwambia. Twende."