Boti ya Mpira kwa Maji ya Ilemba

Anayetoka Sumbawanga mjini kwenda Ilemba huondoka na sweta na kufika akiwa amelivua. Barabara huuacha uwanda wa juu wa Ufipa, ulio takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ikateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi kwenye joto la Ziwa Rukwa, lililo karibu mita 800. Naanza na teremko hilo kwa sababu peke yake linatosha kuvuruga hesabu ya mtu aliyenunua boti ya kujaza upepo bila kuuliza maswali.

Boti hizi zinavutia, na sababu ziko wazi. Boti inakunjwa ikaingia kwenye keria ya basi, watu wawili wanaibeba, na haihitaji kukata mti mkubwa kama mtumbwi wa gogo. Kwa mtu wa bondeni anayetaka kufika kambi ya wavuvi, au kijiji kilichozungukwa na maji ya masika, ni wazo zuri. Lakini kabla hajauliza bei, aulize hivi: chumba kimoja kikifa katikati ya maji, vilivyobaki vitawabeba wote waliomo?

Boti ya mpira ya kweli si tyubu moja kubwa. Ndani yake mna kuta zinazoigawa katika vyumba visivyopeana hewa, kila kimoja na valvu yake. Mimi sikubali chini ya vyumba vitatu, mbali na sakafu. Zile za kuchezea kwenye bwawa la kuogelea zinafanana nazo kwa umbo tu, na bei yake ya chini ndiyo inayozifikisha mahali zisipostahili kufika.

Tarehe 24 Novemba 2021 boti ya mpira iliyojaa wahamiaji ilizama katika mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Miili 27 iliopolewa. Waliookolewa hai ni wawili. Pale palipo pembamba kabisa mlango ule ni kama kilomita 33, na siku ya anga safi ufukwe wa pili unaonekana kwa macho. Kwetu, tarehe 20 Septemba 2018, feri ya MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza kidogo tu kutia nanga Ukara, katika Ziwa Viktoria. Uwezo wake uliosajiliwa ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 200. Safari fupi ndiyo watu wanayoidharau: aliyechelewa anapakiwa, gunia linaongezwa, jaketi okozi linaachwa nyumbani kwa kuwa ng'ambo panaonekana.

Kwa hiyo tafuta kibao cha mtengenezaji, kile kidogo kinachobandikwa nyuma ya boti. Kinataja idadi ya watu, uzito wote, nguvu ya juu ya mashine na upepo unaotakiwa. Boti ya mita tatu kwa kawaida huandikiwa watu wanne, na uzito unaotajwa unahesabu mashine, mafuta na mizigo. Namba hiyo ni ya maji matulivu. Rukwa halina kina kirefu, na upepo ukivuma juu ya maji ya namna hiyo mawimbi huwa mafupi, yenye kusimama na kufuatana haraka. Wakiandika wanne, panda na wawili, au watatu wasio na mzigo.

Sasa turudi kwenye teremko. Boti nyingi za aina hii hutaka upepo wa PSI tatu na nusu hivi kwenye tyubu. Ukiijaza Sumbawanga asubuhi ukaishusha kwenye pikapu ikiwa imejaa, hewa nzito ya bondeni huikandamiza kwa nje, na kipimo hushuka kwa karibu PSI moja na nusu. Kwenye tairi la gari lenye PSI 30 hasara hiyo huioni. Kwenye boti ni zaidi ya theluthi ya ugumu wake wote. Jua la bonde litarudisha kiasi, kisha maji ya ziwa yatazipoza tyubu zilegee tena. Ukiipandisha mjini ikiwa imejazwa sawasawa Ilemba, mambo hugeuka: tyubu hutanuka na kuivuta mishono kupita kipimo. Isafirishwe ikiwa tupu, ijazwe ufukweni kwa pampu yenye geji, ikae majini dakika kumi, ipimwe tena. Mashine nayo hupata hewa iliyo nyepesi kuliko ya pwani. Kwenye mwinuko wa Rukwa ile ya farasi 10 hufanya kazi kama ya farasi tisa na kidogo.

Kuhusu malighafi, PVC ni nafuu na hudhoofika mapema kwa jua kali. Mpira unaoitwa Hypalon huvumilia jua miaka mingi zaidi, kwa bei kubwa. DuPont iliacha kuutengeneza mwaka 2010, ingawa wauzaji wameling'ang'ania jina; mwulize muuzaji kama ni CSM, maana ndio mpira wenyewe kwa jina la kiufundi. Kwa bonde hili ningelipa tofauti hiyo ya bei.

Ziwa hili halina mto unaotoka. Maji huingia na kuondoka kwa mvuke, kwa hiyo hupanuka na kusinyaa, na likipanuka hufunika miti ya kando. Kisiki cha mgunga chini ya maji ya tope huwezi kukiona. Mamba wapo, viboko wapo, na tyubu si ubao. Kuna adui mwingine ambaye mnunuzi wa mjini hamfikirii: kambale. Mshike kambale mkubwa uone mapezi yake ya ubavuni. Mbele ya kila pezi pana mwiba mgumu kama msumari, naye akitapatapa huusimamisha. Samaki huyo akitupwa sakafuni mwa boti ya upepo ni pancha. Ndoano hali kadhalika. Boti ya mpira ivushe watu, uvuvi uachiwe mtumbwi.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aijaze hapo hapo. Paka maji ya sabuni kwenye kila mshono na kuzunguka kila valvu, utazame povu. Iache usiku kucha, asubuhi uibonyeze kwa kidole gumba. Kisha fungulia chumba kimoja hewa yote itoke, uangalie kuta za ndani kama zinabaki zimesimama au zinalegea na kufuata. Muuzaji akikataa jaribio hili, ondoka.

Hukumu yangu ni hii. Kwa mhudumu wa afya mmoja na sanduku lake la chanjo, asubuhi kabla ya upepo, akifuata kingo, na jaketi okozi, makasia mawili na viraka ndani, boti ya mpira ya vyumba vitatu inafaa Ilemba. Kwa kuvusha kina mama, watoto na magunia kila siku haifai, hata ikiwa bora kiasi gani. Kijiji kinachochangishana kwa kazi hiyo kinunue boti ya mbao au ya faiba, ikaguliwe, na fedha ya kwanza kabisa ya mchango inunue majaketi okozi.