Nusu Siku Mtumbwini katika Mto Mara

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za safari ndogo ya maji. Si safari ya meli wala ya bahari kuu. Ni safari ya mtumbwi, ya nusu siku tu, katika sehemu ya Mto Mara iliyo kati ya wilaya ya Tarime na wilaya ya Serengeti, katika mkoa wa Mara, Tanzania. Watu wengi wamesikia sifa za mto huu kwa sababu ya nyumbu wanaouvuka kila mwaka. Walakini ni wachache wanaojua habari zake baada ya kutoka katika hifadhi ya wanyama, unapopita kati ya mashamba na vijiji. Huko ndiko watu wanakoishi kwa maji yake, na kwa hiyo yafaa tuujue zaidi.

ASILI YA MTO

Mto Mara asili yake ni katika misitu ya Mau, nchini Kenya. Huko hutoka mito miwili, Amala na Nyangores, nayo ikisha kukutana huitwa Mara. Mto huo hupita katika mbuga za Maasai Mara, huingia Tanzania upande wa kaskazini wa Hifadhi ya Serengeti, kisha huelekea magharibi mpaka Ziwa Victoria, katika ghuba ya Mara karibu na mji wa Musoma. Urefu wake wote ni kadiri ya kilometa 395. Nchi yote ambayo mvua yake hushukia katika mto huu ina eneo la kadiri ya kilometa za mraba 13,750. Karibu theluthi mbili za nchi hiyo ziko Kenya, na theluthi moja iko Tanzania.

Hesabu hizi zina maana kubwa kwa mtu aliyeketi katika mtumbwi. Maji yanayopiga ubavu wa chombo chake yamekwisha kupita katika msitu, mashamba, malisho na miji ya watu asiowajua. Mtu akikata miti huko Mau, udongo huchukuliwa na mvua, nao hufika Tarime. Na mtu wa Tarime akitupa taka mtoni, huwafikia walio chini yake. Mto ni kama mlango mmoja wenye nyumba nyingi.

WAKATI WA KUONDOKA

Kwa nini safari hii huwa ya nusu siku, tena ya asubuhi? Sababu ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, na hewa hutoka barani kwenda ziwani polepole. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi, na upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani. Kadiri mtu anavyokaribia ghuba, ndivyo upepo huo wa mchana unavyokuwa na nguvu zaidi. Basi mwenye busara huondoka saa kumi na mbili na nusu, maji yakiwa yametulia, na huwa amekwisha rudi kabla ya adhuhuri.

Tuseme basi kwamba tumeanza safari upande wa chini wa daraja lililo katika njia ya kutoka Nyamongo kwenda Mugumu. Mto hutelemka kuelekea magharibi. Kwa hiyo mkono wetu wa kulia ni nchi ya Tarime, na mkono wetu wa kushoto ni nchi ya Serengeti. Penye kina mwenye mtumbwi hutumia kafi. Penye maji haba husimama nyuma akasukuma kwa upondo.

WATU WA KINGO MBILI

Upande wa Tarime wenyeji wengi ni Wakurya. Upande wa Serengeti wako Wakurya pia, na Wangoreme, ambao lugha yao ni jamaa ya Kikurya. Tukizidi kutelemka, mpaka hubadilika: upande wa kushoto huwa wilaya ya Butiama, na upande wa kulia huwa wilaya ya Rorya, iliyotengwa na Tarime mwaka wa 2007, ambako Waluo ni wengi.

Asubuhi kazi za kingo mbili hufanana. Wanawake na wasichana hushuka na madumu kuteka maji. Vijana huleta ng'ombe kunywa, na kila kundi lina njia yake iliyochimbwa na kwato tangu zamani. Mkurya na ng'ombe ni kama mtu na kivuli chake: ng'ombe ni mali, ni mahari, na ni heshima ya nyumba. Katika maboma ya desturi ya kale nyumba zilizunguka zizi, ili mali ikae katikati, mbele ya macho ya wenyewe. Mashamba nayo ni ya mahindi, mtama, ulezi na muhogo. Udongo wa bondeni hushika unyevu hata wakati wa kiangazi, na kwa hiyo watu hulima karibu sana na maji, pengine karibu kuliko inavyofaa, maana mvua kubwa ikija shamba huondoka na udongo wake.

CHAKULA CHA MTO

Maji ya mto huu si meupe, nayo yana sababu zake. Juu yetu, katika hifadhi, nyumbu huvuka mto tangu mwezi wa Julai hata Oktoba. Wengi hufa maji. Wataalamu waliochunguza jambo hili kwa miaka mingi, nao wakatoa habari zao mwaka wa 2017, walipata kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 hufa mtoni kila mwaka, na uzito wao jumla ni kadiri ya tani 1,100. Mizoga hiyo haipotei bure. Mamba, tumbusi na samaki hula nyama, na mifupa huendelea kutoa rutuba majini kwa miaka kadhaa.

Kisha wako viboko. Kiboko hula majani nchi kavu usiku, na mchana hukaa majini, na humo huacha samadi yake. Kwa njia hiyo mto hupokea rutuba ya malisho kila siku. Rutuba ikiwa ya kiasi, ni chakula cha wadudu na samaki. Ikizidi, na maji yakiwa haba, huwa hatari, kama tutakavyoona.

MAFUNJO NA KAZI YAKE

Tukiisha kwenda kwa muda, kingo huanza kushuka, mto hupunguza mwendo, na mbele yetu husimama ukuta wa kijani. Hayo ni mafunjo, ambayo Wamisri wa kale walitengeneza karatasi zao kwa mmea wa namna hiyo hiyo. Shina lake laweza kupita kimo cha meta 4, na kichwani lina nywele kama ufagio. Hapa ndipo panapoanza bwawa kubwa la Mto Mara, ambalo huendelea mpaka karibu na daraja la Kirumi, penye barabara ya kutoka Musoma kwenda Tarime na Sirari.

Mizizi ya mafunjo husokotana ikawa kama jamvi nene. Mahali pengine jamvi hilo hushika chini, na mahali pengine huelea. Sehemu ikikatika, huwa kisiwa chenye kutembea, nacho chaweza kuziba njia ya mtumbwi iliyokuwa wazi jana. Ndiyo maana mgeni asiende bwawani pasipo mwenyeji.

Mtu aweza kudhani kwamba mafunjo ni magugu yasiyo na kazi. Sivyo. Maji yakiingia humo hupunguza mbio, na udongo uliochukuliwa hutua chini. Mizizi hunyonya sehemu ya samadi na mbolea. Maji yanayotoka upande wa ziwa huwa yamechujwa, kama maziwa katika chujio. Tena mvua ikizidi, bwawa hushika maji mengi kwa muda, kisha huyaachilia kidogo kidogo. Watu nao hukata mafunjo wakafuma majamvi na kuezeka vibanda. Nzohe, yule paa wa majini mwenye kwato ndefu, hujificha humo, na wako ndege wasiokaa mahali pengine ila penye mafunjo. Mkataji akiacha mizizi, mafunjo huota tena. Lakini moto ukiwashwa kiangazi ili kupata malisho mapya, huunguza maficho ya wanyama, na mara kwa mara huingia katika mashina na mizizi iliyokauka.

SAMAKI NA NYAVU

Katika vijia vya maji twaona wavuvi wenye migono na ndoana. Humo hupatikana kambare, kamongo na sato. Kamongo ni samaki wa ajabu, maana ana mapafu. Hupanda juu kuvuta hewa, na bwawa likikauka hujizika katika tope akangoja mvua. Kambare naye aweza kuvuta hewa ya juu. Kwa hiyo samaki hawa wawili huishi mahali ambapo sato angekufa.

Ningu habari zake ni za huzuni. Zamani ningu walitoka ziwani kwa wingi wakati wa mvua, wakapanda mito ili kutaga mayai katika majani yaliyofunikwa na maji. Mwaka wa 1905 nyavu za kutega zilizofumwa kwa mashine zilianza kutumika upande wa Kenya wa ziwa, nazo zikaenea. Mwaka wa 1927 na wa 1928 Michael Graham alichunguza uvuvi wa ziwa zima, akashauri kwamba nyavu zenye matundu madogo zikatazwe. Hata hivyo baadaye nyavu ziliwekwa katika midomo ya mito, zikawakamata ningu wakiwa bado na mayai, nao wakapungua mno. Mvuvi aliyefunga mlango wa mto alipata samaki wengi mwaka mmoja, akawakosesha watoto wake kwa miaka mingi.

MAJI YALIPOBADILIKA RANGI

Mwezi wa Machi 2022 maji ya mto huu karibu na daraja la Kirumi yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wengi wakaelea wakiwa wamekufa. Serikali ilikataza kwa muda matumizi ya maji hayo na uvuvi, ikaunda kamati ya wataalamu. Kamati ilisema kwamba sababu ilikuwa samadi na mkojo wa mifugo mingi iliyolishwa bondeni, pamoja na mimea iliyooza. Watu wengi walitia shaka katika maneno hayo, wakataka uchunguzi zaidi, kwa kuwa nchi hiyo ina migodi ya dhahabu pia, na kwa kuwa ng'ombe wamekunywa mtoni tangu enzi za babu zao.

Sisi hatuamui shauri hilo hapa. Lakini yafaa kila mtu afahamu jinsi vitu vinavyooza viwezavyo kuua samaki. Samaki huvuta oksijeni iliyomo katika maji. Vijidudu vinavyoozesha samadi na majani huitumia oksijeni hiyo hiyo. Mvua ya kwanza ikisukuma uchafu mwingi mtoni kwa mara moja, vijidudu huimaliza, na samaki hukosa pumzi kama mtu aliyefungiwa katika chumba cha moshi. Sumu nayo huua kwa njia nyingine, na haionekani kwa macho. Kwa hiyo dawa ya shaka ni kupima maji mara kwa mara, na kuwasomea wenyeji matokeo kwa lugha wanayoielewa. Mtu anywaye maji ya mto ana haki ya kujua anywacho.

MASHAURI KWA MSAFIRI

Kabla ya kumaliza, twapenda kutoa mashauri machache kwa mtu atakaye kufanya safari hii. Kwanza, aende na mwenye mtumbwi azoeaye maji hayo, na kila abiria avae jaketi la kuelea. Pili, asitie mkono majini, kwa maana mamba wapo. Tatu, asisimame kati ya kiboko na maji, wala mtumbwi usipite juu ya kundi lao. Wenyeji hugonga ubavu wa chombo kwa kafi ili kiboko asikie na kujitenga. Nne, asioge wala asitembee pekupeku penye maji yaliyotuama karibu na majani, kwa kuwa konokono wa humo hueneza kichocho. Aliyekwisha kuingia majini aende hospitali akapimwe, maana dawa yake ipo. Tano, maji ya kunywa yachemshwe.

Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, tangu mwaka wa 2012, ili kukumbushana kwamba mto ni mmoja ijapokuwa bendera ni mbili. Ni jambo jema. Lakini mto hauendi kwa siku moja. Huenda usiku na mchana, nao hutunzwa vivyo hivyo: mkulima akiacha ukanda wa majani kati ya jembe lake na ukingo, mchungaji akinywesha kwa zamu, mvuvi akiacha mlango wa mto wazi wakati samaki wanapotaga, na mwenye mgodi akizuia maji yake machafu yasifike mtoni. Kila mmoja wao yuko juu ya mwenzake, na kila mmoja yuko chini ya mwingine. Mwenye kukumbuka hayo atayatunza maji ya jirani kama atakavyo yake yatunzwe.