Mashine ya Tambi Haijui Masika

Mashine ya umeme yenye kifaa cha kusukumia tambi ni msaada jikoni, lakini haijui hewa ya Unguja. Kanuni ni gramu 100 za unga kwa yai moja. Masika unga huvuta unyevu. Basi ongeza mwingine kidogo kidogo mpaka donge lisinate mkononi. Lifunike nusu saa lilegee, ndipo usukume, kutoka nafasi pana hadi nyembamba. Ukiharakisha litachanika, na mayai ni pesa. Tambi mbichi huiva dakika mbili tatu tu; zikikawia ndani ya tui zitavurugika. Unguja ilipokosa umeme, Desemba 2009 hadi Machi 2010, kifimbo cha chapati hakikuzimika. Kwa hiyo, jifunze donge kwanza, mashine baadaye.